Askofu Steere, Mtu wa Kuuliza Kwanza

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu aliyekitendea Kiswahili jambo la kukumbukwa. Mimi nilikimbilia Shaaban Robert kama ilivyo kawaida yetu. Kumbe wenzangu saba walikuwa wamekwisha kumkimbilia! Mwalimu akanipa jina la Mzungu mmoja ambaye sikuwahi kumsikia, Edward Steere, askofu wa Unguja. Nilinuna. Nilijiuliza, kusema kweli, huyu naye ni wa nini katika jarida letu? Lakini nilibeba habari zake hadi nyumbani likizo ya Agosti, huko kwetu karibu na Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, na yaliyotukia huko ndiyo yaliyonifanya nimwandike kwa moyo mmoja. Hayo nitayasema. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Steere alizaliwa mjini London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwana akafuata nyayo. Alisoma Chuo Kikuu cha London, na kufikia mwaka 1850, akiwa na miaka 22 tu, alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria na ruhusa ya kutetea kesi mahakamani. Wewe na mimi tungenunua suti na kutafuta ofisi. Yeye moyo wake haukutulia. Aliiacha sheria akaingia kanisani, akapewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858. Alihudumu vijijini, hasa upande wa Lincolnshire, kati ya wavuvi na wakulima, na watu wa huko walimpenda kwa kuwa hakuona haya kuvua koti na kushika kazi ya mikono.

Ijapokuwa aliacha mahakama, mahakama haikumwacha. Katika miaka hiyo alihariri upya maandishi ya Askofu Joseph Butler, mwanafikra wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1752. Butler alifundisha kwamba katika mambo mengi ya maisha, hata ya imani, mwanadamu hapati uhakika wote anaoutaka. Hupata ushahidi tu, mwingine mzito na mwingine mwepesi, na wajibu wake ni kuupima kwa uaminifu kabla ya kutenda. Mimi sijidai kwamba nimemwelewa Butler. Ila naona Steere alimwelewa, maana maisha yake yote alikwenda hivyo.

Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer alifanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyoanzishwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa mwaka 1862 huko mto Shire. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu, kisha arudi parokiani. Basi kusindikiza huko kukamfikisha kaburini miaka 19 baadaye! Walijaribu kwanza kukaa mlima Morumbala, karibu na mto huohuo. Mambo yakawashinda, wakarudi nyuma, na mwezi Agosti 1864 wakashuka Unguja.

Unguja ya siku hizo ilikuwa na soko la watumwa. Watu walitolewa bara wakiwa wamefungwa, wakapangwa sokoni, wakakaguliwa meno kama tunavyokagua ng'ombe siku ya soko. Sultani Majid aliwapa wamisheni wavulana watano waliotekwa kutoka katika jahazi la watumwa, wawalee. Hebu tafakari darasa hilo. Walimu hawajui Kiswahili, wanafunzi hawajui Kiingereza, na wavulana wenyewe ni watoto wa bara, kila mmoja na lugha ya mama yake. Pale ndipo Steere alipoanza kazi yake kubwa, nayo ilikuwa kuuliza.

Alikuwapo aliyemtangulia. Johann Ludwig Krapf alikwisha kuchapisha sarufi fupi ya Kiswahili mwaka 1850, lakini yeye alikuwa ameishi Mombasa na Rabai. Steere aliona kwamba maneno ya Kimvita hayakuwa sawa na yale aliyoyasikia dirishani pake. Mtu mwingine angesema kitabu kimesema, kwa hiyo watu wa Unguja wanakosea. Wapo walimu wa namna hiyo (si hapa shuleni!). Steere alikiweka kitabu pembeni akatafuta wenye lugha. Alimpata kijana mmoja hodari, Hamisi wa Kayi, aliyejua Kiingereza, na kupitia kwake akafika kwa wazee na wanachuoni wa mji. Aliuliza neno, akaliandika, akaenda kumwuliza mwingine. Kisha akaona kuuliza neno mojamoja hakutoshi, kwa sababu mtu akiulizwa neno hujibu kama yuko kwenye mtihani. Akaomba hadithi. Watu wakamsimulia, naye akaandika walivyosimulia. Hivyo ndivyo tulivyopata katika maandishi kisa cha Sultani Darai na hadithi ya Liongo ambayo kila mwaka inatutoa jasho.

Jambo moja lilinigusa kuliko yote. Mmoja wa wanachuoni wakubwa wa Kiislamu pale Unguja, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea mwenyewe kumtafsiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho safi kabisa. Fikiri, msomaji! Sheikh na kasisi, juu ya kitabu kimoja. Walifika Zaburi ya 16. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno kwa watu wa kawaida, kwa hiyo kazi ikakoma hapo. Steere hakuzitupa zile Zaburi 16. Alizipiga chapa kama zilivyokuwa, ziwe ukumbusho wa wema wa yule mzee na mfano wa lugha yake bora. Katika utangulizi wa kitabu chake alitaja kwa majina waliomfundisha. Wala asije mtu akadhani alificha imani yake. Alitaka Waislamu wawe Wakristo, na wao walilijua hilo, wakabishana naye. Lakini hakuanza kwa kuwatukana. Alianza kwa kuwasikiliza kwa lugha yao mpaka akaijua.

Hapa sasa niachie kidogo Unguja, nikurudishe Keroka.

Wiki ya kwanza ya likizo mtoto wa jirani yetu alifariki ghafla. Hata matanga hayajaisha, jina likaanza kuzunguka. Lilikuwa jina la omongina mmoja mjane, nami sitalitaja, ambaye shamba lake linapakana na njia ya mtoni. Ati ni omorogi. Ati ameonekana usiku akizunguka nyuma ya nyumba yake na moto mkononi. Habari hiyo niliisikia nikiwa kwenye poshomili, na niseme ukweli hata kama ni aibu: niliibeba nikaipeleka nyumbani, nikaongeza chumvi. Nilisema moto wenyewe ulikuwa wa rangi ya kijani. Nani aliniambia ni kijani? Hakuna. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na methali ikanitosha.

Sabato alasiri vijana wa kanisa tulikutana. Mmoja wetu alikuwa na karatasi yenye majina manne, na jina la yule omongina lilikuwa la pili. Shauri lililotolewa ni kwamba twende mlangoni pake jioni tukafanye maombi ya kuvunja nguvu za giza. Mwenye karatasi alitaka twende wengi, na giza liwe limeingia.

Wewe uliyezaliwa kwetu huhitaji kuambiwa maombi kama hayo yanaweza kuishia wapi. Mei 2008, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa ama tukiwa mgongoni mwa mama, kundi la watu huku Kisii lilipita nyumba hadi nyumba likiwa na orodha ya majina, na wazee 11 wakachomwa moto wakafa, wanane wao wakiwa wanawake. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hizo hizo. Na usidhani waliofanya hayo walikuwa watu wasioenda kanisani. Kwetu nani haendi kanisani?

Nilikuwa nimekaa nyuma, na mfukoni nina karatasi zangu za Steere. Sikuwa shujaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Niliinua mkono nikauliza ni nani aliyemwona kwa macho yake, siku gani, na akifanya nini. Kukawa kimya. Mwenye karatasi akasema amesikia kwa fulani. Fulani alikuwapo, akasema amesikia kwa mama yake. Mama yake, kama ilivyobainika baadaye, alikuwa amesikia kwenye poshomili, na sitashangaa kama aliyezungumza siku hiyo alikuwa mimi. Kiongozi wetu alikunja uso akaniuliza kama nawatetea wachawi. Nikasema sitetei mtu, naomba tu tumwulize mwenyewe kwanza, mchana. Wengine walinicheka. Lakini mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni akasema jioni hiyo hakuna mtu atakayekwenda popote, na mkutano ukavunjika kwa minong'ono.

Turudi Unguja, nisije nikamwacha askofu wangu njiani.

Steere alikwenda Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1870 vikatoka London vitabu vyake viwili vikuu: kimoja cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, kingine cha hadithi, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Alirudi mwaka 1872, mwaka uleule wa kimbunga kikubwa kilichoangusha mikarafuu ya Unguja. Tozer akachoka kwa maradhi akajiuzulu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko hilo, pale Mkunazini, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa juu ya ardhi iliyokuwa imelowa machozi.

Wakili huyu, kasisi huyu, mtunga sarufi huyu, sasa akawa msimamizi wa mjengo. Paa alilitengeneza kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likapinda kama mgongo wa mtumbwi uliogeuzwa. Watu wakasema litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya 1879. Wanaotembeza wageni husimulia kwamba nguzo kadhaa ziliwekwa miguu juu kichwa chini askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi napenda sana kisa hicho, hata kama sikuwapo kumwuliza fundi.

Uaskofu wenyewe aliupata mwaka 1874. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka 1876 akawapeleka watumwa walioachwa huru waanze maisha mapya Masasi. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa jahazi. Na katikati ya matofali na safari, aliendelea kutafsiri. Kabla ya kufa alikuwa amekamilisha Agano Jipya kwa Kiswahili, akilisahihisha tena na tena kwa masikio ya watu wa Unguja.

Sio kwamba namwona malaika. Yeye na wenzake walikiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na polepole wale waliokuwa wamesoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi wakaanza kuitwa wasiojua kusoma. Hilo ni deni. Tena Kiunguja alichokiandika ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wana haki ya kulalamika. Mimi Mgusii ninayesema lafulafu sijui niseme nini, ila kila alama ninayokatwa katika insha, mkono wa Steere umo.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa lake, nyuma ya madhabahu.

Sasa yule omongina. Jumapili asubuhi nilimwambia nyanya yangu kila kitu, hata ule moto wa kijani. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua sukari nusu kilo akasema twende. Njiani akanionya kwamba mtu mzima haulizwi kama polisi anavyouliza mwizi. Mtu husalimu, hukaa, huuliza mifugo, na jambo lenyewe huja likitaka. Hapo nikaona kwamba nilikuwa najua nusu tu ya kuuliza.

Tulikuta mlango umefungwa kwa ndani, jua limeshawaka. Nyanya aliita, wakasalimiana kirefu kwa Kigusii, tukaingia. Waliongea habari ya mvua, ya majani chai, ya mguu wa nyanya. Nyanya akauliza kuku. Basi yule mama akainuka akatupeleka nyuma ya nyumba. Kibanda cha kuku kilikuwa kitupu, manyoya yametapakaa, na kukizunguka kulikuwa na duara la majivu na magunzi yaliyoungua. Siafu walikuwa wamevamia usiku mara tatu. Alikuwa ametoka na kijinga cha moto, peke yake, kuokoa kuku tisa, wakabaki wawili. Vifaranga waliliwa wote. Alisimulia hayo bila kujua kwamba anajitetea.

Lakini kumbe alijua. Tulipokuwa tunaondoka alimshika nyanya mkono akasema tangu msiba utokee hajalala usingizi, kwa kuwa watoto waliokuwa wakimsalimu njiani sasa wanavuka upande wa pili. Alitaka kwenda kumpa pole mama wa yule mtoto, mtoto aliyekuwa akimletea maji, lakini aliogopa kuonekana pale. Nyanya alimpeleka mwenyewe jioni ile, mkono kwa mkono, mbele ya watu wote. Mimi nilitangulia kwa mzee wa kanisa kumweleza habari ya siafu, na nikamweleza pia habari ya poshomili. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu.

Sio wote walioridhika. Mwenye karatasi hanisalimu mpaka leo, na sijui aliipeleka wapi ile karatasi. Kabla shule hazijafunguliwa nilikwenda kwa yule mama mara nne zaidi, nikimrekebishia kibanda. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo siku ya mwisho alinitaka nimsomee. Biblia niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiswahili. Nikafungua Zaburi ya 16, pale Sheikh Abdul Aziz alipoishia, nikasoma polepole. Tulipofika penye neno posho alinisimamisha. Alitaka kujua kama posho hiyo ni unga, kama ule wa poshomili, ama ni kitu kingine. Nikafungua mdomo kujibu, nikaona sijui. Nimeliandika swali lake nyuma ya daftari langu. Mwalimu ameniambia nianze na kamusi, kisha nimwulize mtu wa pwani.